Kimya cha Kitabu cha Kwanza

"Rudia hapo," Masikio alisema kwenye hedifoni. "Umepumua."

"Sijapumua."

"Kuna mtu kapumua, na humo ndani uko peke yako."

Shangazi Sauti alizitazama kuta zilizobandikwa sponji nyeusi, mlango mzito kama wa jokofu la bucha, meza yenye kitabu, maiki na glasi ya maji. Kweli alikuwa peke yake. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo kiasi kwamba hata mawazo yalilazimika kupanga foleni. Akarudia sentensi. Upande wa pili wa kioo, fundi sauti, ambaye hata mama yake mzazi alimwita Masikio kwa sababu zilizokuwa wazi kwa kila mwenye macho, akainua kidole gumba. Kabla ya sentensi iliyofuata, Shangazi alinusa kitu. Harufu ya mdomo wa mtoto aliyetoka kuamka, chachu kidogo, vuguvugu, karibu kabisa na shavu lake la kushoto.

Aligeuka. Sponji.

Walikuwa kwenye kitabu cha sita cha *Kisima cha Nyuma ya Shule*. Watoto wengi hawakukisoma, walikisikiliza kwenye simu, na sauti waliyoisikiliza ilikuwa ya kwake, ndiyo maana wakambatiza Shangazi Sauti. Kitabu cha kwanza kilikuwa na chura muuza viatu aliyelalamika kwamba wateja wake wengi ni nyoka. Cha tatu, chura akakatwa mguu. Cha tano akazikwa angali hai, na mwandishi hakuwa na haraka ya kummaliza. Watoto walilia, wakagoma kula, kisha wakauliza cha sita kinatoka lini. Mchapishaji, mama aliyeweka miwani kichwani miaka yote bila kuishusha machoni, aliliita jambo hilo "kukomaa pamoja na wasikilizaji". Shangazi alisomea fasihi chuo kikuu na alijua neno linapovalishwa kanzu ya neno jingine. Hili lilikuwa mauzo. Lakini kazi ni kazi, na chura alikuwa amemlipia kodi ya nyumba. Akanyamaza, akasoma.

Jumamosi ile walimwalika awasomee watoto kwenye maktaba. Walijaa mpaka wengine wakakaa juu ya meza, mashavu yamepakwa wino mweusi kuigiza tope la kisima. Aliwasomea mazishi ya chura, wao ndio waliotaka. Wakatulia vizuri, utulivu ambao mwalimu yeyote angeulipia. Ila kila alipotua kati ya sentensi, midomo yao ilicheza. Yote. Kwa pamoja.

"Shangazi, unaruka," alisema msichana wa mstari wa mbele.

"Naruka nini, mpenzi?"

"Pale anapoongea yule mwingine."

"Yupi?"

"Yule wa katikati," akadakia mwenzake. "Wewe ukinyamaza ndiyo anaanza. Au hamkuja naye?"

Wazazi waliosimama nyuma wakacheka. Shangazi naye akacheka, kwa adabu. "Haya, na huyo mwenzangu anasemaje?"

"Hana cha kusema. Anaomba."

"Anaomba nini?"

"Maneno. Ya kwake ni machache. Mimi nimempa..." Msichana akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Akatabasamu kama mtu aliyesahau jina la jirani. Kisha akainua mguu na kuonyesha kwa kidole. "Nimempa hivi."

"Acha utani bwana," mama yake akamwambia. "Sema viatu."

Msichana alimtazama mama yake jinsi mtu anavyomtazama mgeni anayezungumza lugha ya mbali.

Hapo ndipo Shangazi alipoacha kucheka. Nyumbani kwake kulikuwa na mtoto ambaye kwa siku kadhaa sasa, akitaka maji, alionyesha glasi.

Alimkuta binti yake kitandani, hedifoni masikioni, midomo inacheza. Walimwita Chiriku kwa sababu alikuwa anaongea hata akiwa anapiga mswaki. Siku za karibuni alikuwa anaongea kwa vidole, na mama yake alikuwa amejipa maelezo ya kisomi kwamba ni umri.

"Chiriku. Umempa nini?"

Mtoto hakuuliza nani. Akavua hedifoni, akaonyesha glasi. Akaonyesha dirisha. Mto. Goti. Mwanga wa taa. "Na zile za kuhesabia," akasema, "zote."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Amebanwa, mama. Hawezi kutoka, hawezi kukohoa, hawezi hata kujikuna. Anasema akipata ya kutosha atajiombea mwenyewe atolewe. Kabakiza kidogo tu." Akainamisha kichwa. "Kesho nampa hili ninalokuitia wewe. Anasema ndilo zito kuliko yote."

Shangazi aliipokonya simu, akavaa hedifoni. Akasikia sauti yake mwenyewe ikisoma habari za chura, kisha kituo kifupi. Katika kituo kile hamkuwa na kitu chochote, ila ile harufu ya mdomo ikampanda puani kana kwamba mtu ameinama kumchungulia. Akaizima simu, akaitia kabatini, akafunga kwa ufunguo.

"Haisaidii," Chiriku akanong'ona. "Nimesikiliza sana. Siku hizi anakuja bila simu. Watu wakinyamaza tu, kaja."

Usiku huo Shangazi aliwasha redio, akaimba, akasoma maandishi ya nyuma ya boksi la sabuni kwa sauti, akasimulia hadithi zote alizozijua na nyingine alizozibuni, mtoto kalala kifuani pake, na kila koo lilipomkauka akasita kumeza mate, aliuona mdomo wa mwanawe ukifunguka.

Asubuhi walikuwa studio kabla Masikio hajavua kofia. Alisikiliza habari yote akitabasamu. Kisha tabasamu likamshuka taratibu, upande mmoja kwanza.

"Vile vituo," akasema, "si vitupu."

"Nieleze mimi kama mjinga."

"Ukikata pumzi ya msomaji, pale unaacha shimo. Sikio linalijua shimo. Kwa hiyo tunalijaza na kimya cha chumba. Unarekodi chumba kikiwa kimetulia, dakika moja hivi, halafu unakata vipande vipande unaziba. Nilikirekodi mara moja tu, kitabu cha kwanza. Nimekuwa nakinakili mpaka leo."

"Kwenye vitabu vyote?"

"Kila unapotua."

"Na siku hiyo, nani alikuwa chumbani?"

"Hakuna. Wewe ulikuwa umeenda kula." Alijikuna sikio. "Ila nilitania. Ukirekodi kimya unawaambia waliomo wanyamaze, ukimaliza unawaambia basi, asanteni. Mimi nilikiambia chumba kitupu: uliyemo, nyamaza. Nikabonyeza. Halafu nikapigiwa simu, nikatoka."

"Hukusema basi."

"Ningemwambia nani?"

Masikio akampigia simu mama yake mdogo, msusi asubuhi na mganga mtoa majini jioni, naye akaja na aproni ya saluni, vidole vimeiva rangi ya nywele. Hakuleta vifukizo. Alivaa hedifoni, akasikiliza kituo kimoja, akavua.

"Maskini," akasema.

"Maskini nani?" Shangazi akafoka. "Anamla mwanangu ulimi!"

"Punguza sauti, dada, anasikia. Huyu alikuwa anapita zake. Kaamriwa anyamaze, kanyamaza. Sasa yuko kwenye kimya chenu kila kinapochezwa, kwenye kila simu, hana ruhusa ya kusogea. Na wewe ungeomba."

"Basi Masikio amwambie atoke!"

"Nimeshamwambia," alisema Masikio kwa sauti ndogo. "Mara nyingi, tangu mlipoingia."

"Ingekuwa siku ile angetoka," mganga akasema. "Leo keshakuwa mlinzi wa zamu. Kile kimya kina watu wanaokitegemea, hakiachwi wazi. Atoke yeye, aingie mwingine. Mrekodi kimya kipya, mtu kakaa ndani kwa hiari yake, kisha mkiweke mahali pa cha zamani."

"Nitaingia mimi," akasema Masikio. "Kosa ni langu." Papo hapo akashikwa na kikohozi chake cha sigara, akainama mpaka kikaisha. Hakuna aliyecheka.

Shangazi alimtazama binti yake. Chiriku alikuwa amesimama mbele ya kioo, anakitazama chumba kitupu, na midomo yake ilikuwa imeanza kukutana, kufunguka, kukutana.

"Fungua mlango," Shangazi akasema.

Mganga alitaka kuongeza jambo. Akamwangalia mtoto, akalimeza.

Mlango ulijifunga kwa uzito wake. Taa nyekundu ikawaka. Shangazi akaweka mikono mapajani. Alisikia kwanza damu yake mwenyewe ikipita masikioni, kisha tumbo, kisha nywele zikisuguana na kola, na chini ya hayo yote pumzi nyingine, ndogo, iliyobanwa kwa muda mrefu mno, ambayo sasa ilianza kulegea upande wake wa kushoto pamoja na ile harufu ya chachu, na sponji ikatoa mlio mwepesi kama kiti anaponyanyuka mtu aliyekalia mguu mpaka ukafa ganzi, na kitu kikampitia mbele ya uso, kirefu kuliko chumba, kikikunjika ili kitoshe, kikimwaga njiani maneno kwa sauti za watoto asiowajua, maji, mto, dirisha, moja, mbili, ngazi, kaka, asubuhi, mengi kama mchele unaomiminwa kwenye beseni, naye hakuthubutu kumeza mate wala kupepesa, na mwisho kabisa, mdomo umegusa sikio lake, kwa sauti ya Chiriku mwenyewe, kikasema neno moja kwa unyonge wa anayerudisha cha watu: mama.

Upande wa pili wa kioo, Chiriku alikuwa amebandika viganja vyote viwili, na mdomo wake ulikuwa unasema neno lile lile.

"Basi," Masikio akasema kwenye hedifoni, analia. "Basi, asante. Asante sana. Toka."

Shangazi akatoka. Kufikia jioni Masikio alikuwa amebadilisha kimya katika vitabu vitano vilivyokwisha kutoka na hiki cha sita, na simu za watoto zikavuta faili mpya zenyewe. Mama wa yule msichana alipiga kusema mwanawe kaamka na neno viatu na hataki kulitua. Chiriku aliongea njia nzima mpaka nyumbani, akahesabu nguzo za umeme, akazisahihisha, akazihesabu upya, na mama yake akasikiliza kila neno.

Siku ya tatu, Shangazi alikuwa anashuka ngazi za ofisi ya mchapishaji alipokwama, mguu mmoja hewani. Hakuumwa. Ilikuwa tu kwamba hakuruhusiwa kusogea. Kupumua hakuruhusiwa, wala kupepesa. Mbele ya uso wake alihisi sikio la mtoto, la joto, likisubiri. Kisha likamwachia, akakamata ukingo wa ngazi. Baada ya hatua mbili, tena.

Alimpigia mganga. Simu ilipokelewa katikati ya mlio wa mashine ya kukaushia nywele.

"Nilitaka kukwambia," mganga alisema. "Mtoto alikuwepo."

"Kila wanaposikiliza?"

"Kila wanaposikiliza. Wakiwa wachache utapumzika."

"Tufute zile faili!"

"Na aliyemo ndani yake aende wapi, dada? Umo wewe." Mashine ikazimwa. Mganga akashusha sauti. "Sikiliza. Utajisikia kuomba. Usiombe."

Kitabu cha sita kilitoka siku shule zilipofungwa. Mchapishaji alipiga simu kwa furaha iliyokuwa karibu na kilio. "Hawalali! Wanakirudia usiku kucha! Wazazi wanalalamika, unaamini? Ni kiza totoro mle ndani na ndicho wanachokitaka. Mwandishi kakubali cha saba kiwe kirefu mara mbili. Hallo? Upo?"

Alikuwepo. Alikuwa jikoni, simu begani, mwiko mkononi, anatazama maharage yakikaukiwa. Alisikia harufu yake ikibadilika. Moshi ukaanza kumwingia machoni, yakajaa machozi, na hakuweza kuyapepesa. Mchapishaji akakata. Kile kimya kikamwachia kidogo, akaifikia hewa.

"Chiriku!" akaita. "Nilikukataza! Zima hiyo simu!"

"Nimezima, mama!"

Mkono wake ukasimama inchi chache kutoka kwenye sufuria. Chiriku akatokea mlangoni, hedifoni zinaning'inia shingoni, uso una hatia, halafu una hofu. Akakimbia, akazima jiko, akafungua dirisha, akamshika mama yake kiuno.

"Nimezima," akasema. "Nimezima kitambo, si mimi. Mama? Mama, sema kitu."

Lakini Shangazi alikuwa mbele ya sikio jingine, mahali ambako hajawahi kufika, chini ya shuka ya mtoto asiyemjua. Mtoto huyo alikuwa amebana pumzi kwa utamu wa hadithi. Nyuma yake walikuwa wengine, na wengine, na hapakuwa na nafasi kati yao hata ya kujikuna. Neno moja tu, aliwaza. La kitu kidogo, ambacho mtoto hatakosa usingizi kwa kukikosa.

Mle ndani ya kimya, taratibu, akafungua mdomo.