Kidawa, Ndoo na Wapangaji wa Kichwani

Sogeeni, sogeeni! Na mnisamehe mapema, maana hadithi hii nitaiharibu. Yenyewe ni nzuri. Imeangukia tu mdomoni mwangu, masikini.

Kidawa alikuwa na miaka sita. Alikaa mtaa wenye bomba moja na wazee wengi.

Siku hiyo mama alimpa ndoo ndogo, nyekundu. "Ukiifikisha imejaa, ni yako," mama alisema. "Ukiimwaga, unarudi kwenye kopo."

Kopo! Kopo ni la watoto! Kidawa alikuwa mtu mzima. Alishang'oka hata jino.

Bombani akajaza maji. Shwaaa! Akaweka kata ya kitenge kichwani. Juu ya kata, ndoo.

Na chini ya kata? Ubongo! Ubongo wa Kidawa ulikuwa kama nyumba ya kupanga. Kila chumba na mpangaji wake. Kila mpangaji na mdomo wake.

"Twende!" alisema Bwana Paji. Anakaa chumba cha mbele, nyuma ya paji la uso. Kazi yake kupanga na kuamua. Kubeba je? Aa, wabebe wengine.

Yumba yumba, ndoo kichwani.

"Naona mtu!" alisema Bi Macho. Kazi yake kuona. Basi anakaa mbele? Wapi! Kapangishwa nyuma kabisa, kisogoni. Msiniulize mimi, sikugawa vyumba.

Mtu mwenyewe ni Mzee Mshamu, anashona viatu barazani.

"Mtu mzima huyo! Goti!" aliamuru Bwana Paji.

Kidawa akakunja goti. Akainamisha na kichwa, si ana adabu? "Shikamoo, babu!"

Yumba yumba, ndoo kichwani.
Chubwi! Maji mgongoni.

"Baridiii!" alipiga kelele Bwana Ngozi. Huyu anakaa juu, utosini. Kazi yake kuhisi baridi, joto na kuguswa. Ahsante, Bwana Ngozi. Bila wewe tungedhani ni chai.

"Marahaba, mjukuu wangu," alisema Mzee Mshamu. "Siku hizi mnaoga na nguo?"

Mbele kidogo, Bi Tunu alikuwa anakaanga vitumbua.

"Goti!" aliamuru Bwana Paji. Huyo hachoki.

"Shikamoo, bibi!"

Yumba yumba, ndoo kichwani.
Chubwi! Maji jikoni.

Psssss! Moto ukazimika.

"Marahaba," alisema Bi Tunu. "Na ahsante kwa kunizimia moto. Nilikuwa nimeuchoka kweli."

Ndoo ilibaki nusu. 

"Nakumbusha tu," alisema Bi Masikio. "Mama alisema kopo." Bi Masikio anakaa ubavuni, karibu na sikio. Kazi yake kusikia na kukumbuka. Hasa yale usiyotaka kukumbushwa.

Kidawa akarudi bombani. Akajaza tena. "Sasa napita bila kusalimu," alinong'ona.

Bwana Paji nusura azimie. "Bila kusalimu? Mtaa huu? Habari itafika kwa mama kabla yetu!"

"Samahani," ilisema sauti ndogo. "Naweza kusema neno?"

Alikuwa Fundi Mizani. Anakaa chumba kidogo cha nyuma, chini, karibu na shingo. Kazi yake kuweka mwili sawa usianguke. Kazi ndogo tu hiyo.

"Kunja goti," alisema. "Shingo iache wima."

"Mbona hukusema tangu mwanzo?" aliuliza Bwana Paji.

"Uliniuliza?"

Bwana Paji akajifanya anapanga.

"Ila mimi sijui kitu mara moja," alisema Fundi Mizani. "Najua kwa kurudia. Nipeni mazoezi."

Wazee bombani hawakuwepo. Kulikuwa na kuku.

"Shikamoo, kuku!" Chubwi!

"Shikamoo, kuku!" Chubwi!

Kuku hakuitikia. Kuku wa siku hizi!

Mara ya tano, chubwi ndogo. Mara ya tisa, tone moja. Mara ya kumi, hata tone hakuna! Kuku akaondoka zake. Heshima ilikuwa imemzidi.

Kidawa akajaza ndoo mpaka juu.

"Shikamoo, babu!"

Yumba yumba, ndoo kichwani.
Kimya! Maji ndooni.

"Marahaba!" alisema Mzee Mshamu. "Leo huogi tena?"

Bi Tunu alimwona kwa mbali. Akafunika jiko lake kwa ungo. "Salimia hukohuko! Nasikia vizuri!"

Kidawa akakunja goti, polepole. Shingo wima. "Shikamoo, bibi!"

Yumba yumba, ndoo kichwani.
Kimya! Maji ndooni.

"Marahaba, mama!" Bi Tunu akacheka. "Fumbua mdomo." Akamtilia kitumbua mdomoni, ham!

Nyumbani, mama akachungulia ndoo. Imejaa!

"Ndoo ni yako," alisema mama.

"Yangu kabisa?"

"Yako kabisa. Na pipa lile ni letu sote. Kesho lijaze."

Hongera, Kidawa.

Jioni Kidawa akajilaza. Wapangaji wakatulia. Mmoja tu hakutulia: Mlinzi, anayekaa mlangoni, pale ubongo unapokutana na shingo. "Vuta pumzi. Toa pumzi," alisema. Du-du, du-du, moyo ukaitikia. Likizo hajawahi kuomba.

Kidawa akalala fofofo.

Na ninyi, mmelala? Hata mmoja? Mama, baba, msiwagombeze watoto. Hadithi ya kulalia, nani kaisimulia kwa kupiga makelele? Mimi hapa.