Uso Usio na Pa Kuanzia

Kila uso una mahali pa kuanzia. Mchora vibonzo wa langoni mwa jengo la maduka aliamini hivyo kwa miaka kumi na tisa: pua iliyozidi, kidevu kilichokimbilia shingoni, masikio yaliyosimama kama vipini vya kikombe. Akishapapata hapo, kilichobaki hakikumsumbua, na mteja aliondoka akijicheka. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na bintiye tangu mkewe afariki.

Jumanne mchana aliketi mbele yake mwanamume asiye na mahali hapo. Pua ilikuwa pua tu. Macho yalikuwa mawili. Kila alipoinamia karatasi, alisahau alichokiona.

"Leo umepatikana," fundi saa wa meza ya jirani alimtania. "Mchore kisogo basi."

Waliosubiri zamu wakacheka. Mchoraji naye akacheka, jasho likimtoka, kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: aliazima. Alimchorea mgeni mwanya wa marehemu mkewe, ule mpana wa meno ya juu, ambao mkono wake uliujua kwa moyo.

Mgeni aliitazama picha kwa muda mrefu, akatabasamu. Mwanya ulikuwepo kinywani mwake. Alipoketi haukuwepo.

"Sasa nimeanza kuwa mtu," alisema kwa upole. "Nitarudi kwa yaliyobaki."

Jioni mchoraji alimkuta bintiye mbele ya picha ya mama yake ukutani.

"Baba," aliuliza kwa sauti ndogo, "mama si alikuwa na mwanya?"

Pichani, meno yalikuwa yamebanana kama matofali.

Kesho yake binti alipita kazini kwa baba akitoka shule, kama kawaida yake. Mgeni alikuwa ameshaketi, akinuka nguo zilizofungiwa kabatini muda mrefu. Hakumtazama mchoraji. Alikuwa akizitazama nyusi za binti, zile zilizokutana juu ya pua.

"Hizo zitanipendeza," alinong'ona. "Nichoree."

"Sichori."

"Basi nitazichukua mwenyewe. Nikikosa mchoraji, hutumia kucha."

Mchoraji alimvuta bintiye pembeni. "Mwanangu, nenda nyumbani ukajifungie. Usimfungulie mtu yeyote ila mimi."

"Baba, kuna nini?"

"Nenda, mama."

Alipopotea kwenye umati, baba aligeuka. "Chukua uso wangu. Yeye mwache."

"Wote?"

"Wote."

Akachora. Akachora pua yake iliyopinda, kovu la paji la uso alilolipata utotoni, mifuko ya macho iliyotokana na miezi ya kukesha hospitalini, na kila mstari ulipotua kwenye karatasi alihisi baridi mahali pale pale usoni mwake, kana kwamba kidole kilicholowa kilikuwa kikimfuta taratibu, lakini hakuthubutu kuinua kichwa wala kusimamisha mkono, kwa sababu hadi hapo alikuwa akihesabu hatua za bintiye kutoka langoni mpaka nyumbani, na hazikuwa zimetimia.

Alipoinua kichwa, kiti cha mteja kilikuwa kitupu.

"Karibu," fundi saa alimwambia, akimtazama kama mtu wa kupita. "Mwenyewe ametoka sasa hivi. Anawahi nyumbani, binti yake yuko peke yake."

Mchoraji alikimbia akigongana na watu ambao walimwomba radhi bila kumtazama, akavuka barabara mbili, akapanda ngazi za ghorofa tatu bila kushika ukuta, na alipofika mlangoni kwake ile harufu ya nguo za kabatini ilikuwa imeshatangulia, ikipenya kwenye tundu la ufunguo. Akagonga.

"Mwanangu, fungua. Ni mimi."

Sauti iliyomtoka haikuwa ya mtu yeyote.

Ndani, hatua ndogo zilisogea, zikasimama.

"Baba," binti alisema, akimwambia mtu aliyekuwa naye humo ndani, "kuna mtu mlangoni anasema ni wewe."

"Usimfungulie, mwanangu," ikajibu sauti ambayo mchoraji alikuwa akiitumia kuongea maisha yake yote. "Njoo ukae hapa dirishani, penye mwanga, nikutazame vizuri."

Kiti kikavutwa.