Nilimwita Mama Yangu Mtumishi

Nna umri wa miaka thelathini na moja, karani wa forodha hapa Matrah, Uarabuni, na sina tena wa kumwita mama. Nisomeni taratibu, wenzangu. Kosa langu nililifanya kwa neno moja tu, mchana kweupe, mbele za watu.

Mwaka 1964, Unguja ilipopinduliwa, baba yangu aliuawa. Yeye alikuwa Mwarabu. Mama yangu, Bi Mwanakhamis, alikuwa Mswahili mweusi wa Makunduchi. Alinificha uvunguni siku tatu. Wenye mapanga walipogonga, alisimama mlangoni akawaambia, "Mimi sina mtoto." Wakamwangalia rangi yake, wakaenda zao. Baadaye akanifuata mpaka huku, nchi asiyoijua hata lugha yake.

Hapa wenyeji walituita Wazinjibari, yaani watu wa Unguja, wala hatukuwa kitu. Ndipo mkimbizi mwenzetu mmoja akaanzisha chama cha siri. Tulimwita Mwenyekiti. Alisema Unguja tuliipoteza kwa kuchanganya damu, na watakaorudi kuitawala ni walio safi kwa baba na kwa mama. Jamani, maneno yale yalikuwa matamu kwa mtu aliyepoteza kila kitu!

Tulianza watu saba. Mwaka wa pili sebule yake haikututosha tena. Kwa kuwa hati yangu ni nzuri, nilifanywa katibu, niandike nasaba za wanachama katika daftari. Yangu niliiandika mwenyewe. Mahali pa mama nikatia jina la Mwarabu wa kubuni... marehemu.

Ijumaa moja, baada ya alasiri, mkutano ulikuwa kwangu. Mama akaingia na dele la kahawa na sahani ya halua. Mwenyekiti akamtazama juu mpaka chini.

"Katibu, huyu bibi wa shamba umemwokota wapi? Usije ukatwambia ni shangazi yako!"

Wakaangua kicheko. Nami nikacheka. Nikasema, "Mtumishi wetu huyo. Alikuja nasi."

Mama hakumwaga hata tone. Alimimina vikombe vyote, changu kikawa cha mwisho. Akanipa kwa mikono miwili.

"Karibu, bwana."

Tokea siku ile hakuniita mwanangu tena! Alikula jikoni peke yake. Nikirudi kutoka kazini, alisimama. Nilimwambia wageni wameshaondoka, mama, kaa. Akajibu, "Nimeshazowea, bwana." Na mimi nikamwacha... Nilikuwa na cheo, nilihitaji nini zaidi?

Chama kiliozea ndani. Tulianza kuchunguzana sisi wenyewe. Huyu nyanya yake Mngazija, yule kabila lake dogo. Kila mkutano ulimfukuza mtu, na mkono uliokata majina ulikuwa wangu. Kufika 1969 tulibaki watatu. Mwenyekiti akahamia Dubai bila ya kutuaga.

Mwaka uliofuata akaingia mfalme mpya, na nchi ikawaita watu wake waliotawanyika ng'ambo. Nilisimama forodhani nikiwatazama wakishuka, weusi kwa weupe, wakisema Kiswahili kwa sauti. Hakuna aliyewauliza mama zao ni nani.

Nikalichoma daftari katika jiko la mama. Nikamwambia, "Mama, chama kimekufa."

"Pole, bwana. Nikutilie kahawa?"

Nilijiambia nitamwomba radhi siku ya Idi. Kwa nini Idi? Kwa nini si pale pale? Homa ilimchukua kabla mwezi haujaandama.

Makaburini, kabla ya kumteremsha, walimtaka ndugu yake wa damu aingie kaburini ampokee. Nikavua viatu. Mzee Suleiman, jirani yetu, akanishika mkono.

"Wewe tajiri yake tu, alikutumikia. Tuachie sisi."

"Mimi mwanawe!" nililia.

Mzee akanitazama kwa huzuni. "Bwana, usimzulie maiti. Mwenyewe alitwambia mara nyingi. Mwanawe alibaki Unguja."

Wakamteremsha wanaume watatu wasiokuwa jamaa zake. Mimi nilisimama juu, viatu mkononi. Baadaye walipeana mikono ya rambirambi wao kwa wao.

Ndugu msomaji, ukiona watu wanakuuliza mama yako ni nani kabla ya kukuuliza kama umekula, toka! Usingoje. Na mama yako akiingia na kahawa, simama, mpokee dele, uwatajie wageni jina lake.

Mimi nalitaja kila siku. Hakuna anayeniamini.