Mawese kwenye Breki

Kuanzia Rumonge mpaka Nyanza-Lac hakukuwa na fundi kama mimi, Swedi. Muulize yeyote. Ila hili sijawahi kumwambia mtu.

Jioni moja, mwaka wa tatu wa uhuru, nilikwenda kujaribu breki kwenye mteremko wa Minago. Gari lilikuwa la marehemu Léonard. Lilizaliwa gari dogo la mjini. Mimi ndiye niliyelikata mgongo na kulitia springi za lori, libebe mapipa ya mawese. Likawa zito kama kiboko, breki zake zikashindwa. Nikalifungia breki za lori, pana kama sinia.

"Sasa utasimama hata juu ya yai, Léonard!" nilimwambia, alipokuwa bado hai.

Lakini mafuta ya breki yaliniishia. Bujumbura mbali. Nikamalizia na mawese.

Asubuhi, kwa baridi ya mvua, mawese yakaganda. Léonard akaingia ziwani na gari lake.

Msibani waliniuliza mimi, mjuzi. Nikasema breki zilikuwa nzima, gari limerogwa. Na nani? Sikutaja jina. Nilimtazama tu Mama Mwavita, mjane muuza mawese aliyegombana na Léonard juma lile. Kabla ya magharibi nyumba yake ilikuwa majivu, na yeye amefukuzwa.

Basi gari likavutwa kutoka ziwani, nikalifufua, safari hii kwa mafuta halali. Jioni ile nikapakia mawe badala ya mzigo, nikaenda kulijaribu. Juu ya mteremko, mwanamke akanyoosha mkono.

"Amahoro, fundi. Unifikishe kwangu."

Mama Mwavita! Nikamfungulia.

Akakaa kiti cha nyuma yangu, mbele ya mawe. Harufu ikajaa gari... mawese yaliyoungua.

"Breki iko nzima, mwanangu?"

"Nzima kabisa, mama. Nimefunga mwenyewe."

Tukaanza kuteremka. Nikakanyaga.

Pedali ngumu. Kama jiwe.

Nikakanyaga kwa miguu yote miwili... Gari linazidi mbio. Mawe yanagongana. Ziwa linakuja.

"Mama, tunakufa!"

Pumzi baridi ikanigusa sikio. "Sema."

"Niseme nini?"

"Unajua."

"Mawese! Nilitia mawese! Ni mimi!"

Pedali ikalainika. Gari likasimama, magurudumu ya mbele majini.

Nyuma hapakuwa na mtu. Kiti kimelowa, chekundu kama mawese.

Nilifungua breki palepale. Mafuta safi, hata tone la mawese hamna. Kesho yake mvuvi kutoka Nyanza-Lac akaniambia Mama Mwavita alikimbilia kwao huko, na amezikwa, leo siku ya tisa. Labda ni woga wangu tu ulionichezea.

Labda.

Nilikiri, ndiyo, tena kwa kupiga kelele. Lakini nilimkiria mtu aliyekwisha kuzikwa. Minago bado wanatema mate wakipita kiwanja chake. Na wanaponiuliza, fundi mkubwa, kama kweli alikuwa mchawi, mimi huinamisha kichwa ndani ya injini na kusema sijui.

Na kila siku ninayosema hivyo, gari lolote ninaloshika, pedali inakuwa ngumu.