Jina Lililokwanguliwa

Siku ya tatu baada ya Polycarpe Kisimba kuhamia nyumba isiyo yake, sebule ilianza kunuka mshumaa. Ilikuwa saa tisa mchana, jua la Kolwezi limewaka hadi mabati yanalia, na hakuna aliyewasha mshumaa. Josée, mkewe, alifungua madirisha yote. Harufu haikutoka. Na ndani ya harufu mlikuwa na sauti ndogo: kwaru, kwaru, kwaru.

"Ni panya," Polycarpe akasema.

"Panya ya kunuka nta?" Josée akamjibu, akaenda zake kuosha masufuria.

Nyumba ile ilikuwa ya Tshibangu, fundi umeme, jirani yao wa ukuta kwa ukuta kwa miaka kumi na mmoja. Babu yake aliletwa na Wazungu wa mgodi kutoka Kasai, mkoa mwingine wa nchi hiyo hiyo. Yeye mwenyewe alizaliwa Kolwezi, akabatizwa Kolwezi, akaoa Kolwezi. Lakini mwaka ule wa tisini na tatu iliamuliwa katika mikutano ya siasa kwamba mtu kama huyo ni mgeni. Wakaitwa bilulu, yaani wadudu. Vijana wenye mapanga walipita mlango kwa mlango na orodha, na orodha hiyo, tuseme tu ukweli, ilipigwa taipu na Polycarpe, karani wa ofisi ya nyumba za wafanyakazi. Aliambiwa apige, akapiga. Hakuuliza, maana kuuliza kulikuwa na gharama yake.

Asubuhi ya kuondoka, Tshibangu alimpa vitu viwili: ufunguo na kitabu.

"Tata Elise," alimwambia, kwa kuwa hivyo ndivyo mtaa mzima ulivyomwita, yaani baba wa Elise, kwa jina la binti yake, "wewe njo parrain ya Mbuyi wetu, weye ulimusimamia ku batizo. Utuchungie nyumba. Na hii kitabu, usiipatie mutu."

Kilikuwa kitabu cha sala, kimeandikwa kwa mkono juu ya ngozi ya ndama zaidi ya miaka mia tano iliyopita, kwa ajili ya bibi mmoja wa ukoo wa kitajiri huko Ulaya. Pembezoni mlichorwa maua, konokono na ndege, vyote vikizungukwa na dhahabu halisi. Katika ukurasa wa kwanza bibi mwenyewe alikuwa amepiga magoti, joho lake la buluu limemwagika sakafuni. Mhandisi wa bwawa la Nzilo, mzao wa mbali wa bibi huyo, alimwachia mpishi wake, baba wa Tshibangu, siku yeye naye alipoikimbia nchi. Tangu hapo kila mtoto wa ukoo wa Tshibangu alipobatizwa, au mke alipoolewa humo, jina lake liliandikwa chini ya magoti ya bibi. La mwisho lilikuwa la Mbuyi, msichana wa miaka minane aliyezoea kuruka kamba na Elise.

Kipendacho roho hula nyama mbichi. Nyumba ya Tshibangu ilikuwa na vyumba vitatu na jiko la umeme. Mwezi haujaisha, Polycarpe akahamisha vitanda. Halafu akafikiria: mtu akija kuuliza vitu hivi ni vya nani, kitabu kitanisuta. Basi akafanya kama wafanyavyo makarani. Karani akikosea kwenye rejista haichani. Hukwangua kosa kwa wembe, taratibu, hadi karatasi itulie, kisha huandika juu yake. Alikwangua Tshibangu akaandika Polycarpe. Alikwangua jina la mke wa Tshibangu akaandika Josée. Pale palipokuwa na Mbuyi akaandika Elise, kwa wino mweusi, akaupenda mwandiko wake.

Harufu ilianza siku hiyo hiyo.

Siku ya tano Josée alimwita mezani: "Polycarpe, kuya kula." Akamgeukia. Kwa miaka minane mwanamke huyu hakuwahi kumwita isipokuwa Tata Elise.

"Juu ya nini unaniita vile?"

Josée akakunja uso. "Nilitaka kusema ile ingine. Haikukuya."

Na mtoto wao akasukuma sahani ya bukari akasema hataki bukari, anataka nshima. Ni ugali ule ule. Lakini nshima ni neno la Wakasai, na nyumbani kwao halikuwahi kutamkwa. Polycarpe aliufungua ukurasa wa kwanza. Jina la Elise lilikuwa limefifia kana kwamba limeoshwa, na chini yake, kahawia kama damu iliyokauka, jina la Mbuyi lilikuwa linapanda.

Kesho yake aliomba ruhusa kazini, akarudi mapema. Josée alikuwa sokoni, mtoto shuleni. Alipoushika mlango saa tisa ilikuwa imetimia, na nta ikampiga puani, na kwaru, kwaru ikamfikia hata kabla hajavuka kizingiti, akajiambia ni panya, akajiambia ni joto, akapiga hatua moja na nyingine huku ameshika ukuta, hadi akaiona sebule yote na pazia lililofungwa na katikati yake, mgongo ukimwelekea, mtu aliyepiga magoti katika joho la buluu lililomwagika sakafuni mpaka chini ya viti, kichwa kimeinama, kiwiko kikienda na kurudi, kikienda na kurudi, kama mama anayepara samaki mapajani, na juu ya meza kitabu kiko wazi, na kwenye ukurasa wa kwanza, pale bibi alipokuwa akisali, hapakuwa na mtu, palikuwa na ngozi tupu.

Alijikuta nje, barabarani, kiatu kimoja hakipo. Josée alimkuta hapo.

"Uende kutafuta Mama Tshibola," alinong'ona baada ya kusikia yote. "Ye njo alikuwa anafukuzaka bapepo mu hii mutaa."

"Mama Tshibola ni Mukasai. Eko ku gare na benzake."

"Minajua eko wapi," Josée akasema. "Tulimufukuza siye bote."

Polycarpe alitia kitabu ndani ya saki ya unga, akaenda stesheni. Watu walikuwa wamelala pale wiki nyingi wakingoja treni, chini ya mashuka na maturubai, na vijana wenye mapanga wakizunguka kuwalinda kana kwamba kuna aliyetaka kuwaiba. Mtu wa kwanza kumwona alikuwa Tshibangu. Alikuwa amekonda, ndevu zimeingia mvi.

"Tata Elise! Ulikuya kutuangalia." Akamshika mikono yote miwili. "Mbuyi alituacha. Surua. Saa tisa ya muchana, ni wiki mbili sasa. Tulimuzika kule nyuma ya reli, bila hata musalaba. Lakini mama yake anasema: jina yake iko mu kitabu, ile njo kaburi yake. Kitabu iko muzuri?"

Saki ilikuwa kwapani mwake. Angeweza kuifungua. Lakini kuifungua ni kumwonyesha baba mfiwa wembe ulipopita, na vijana wale walikuwa hatua kumi tu, wakisikiliza nani anamwita nani mwenye nyumba.

"Iko muzuri," Polycarpe akasema. "Iko ku nyumba."

Tshibangu akainamisha kichwa kwa shukrani, na shukrani ile ikamchoma Polycarpe kuliko tusi.

Mama Tshibola alimfuata hadi kwenye lango, mama mnene wa zamani aliyebaki mifupa na macho.

"Saki yako inanuka nta, tata," alisema kwa sauti ya chini. "Bibi ule anachungaka majina. Ulitoa mutoto wa bantu mu fasi yake, sasa anamurudisha, na wako njo anatoka. Urudie kwa Tshibangu. Umuombe musamaha, ye mwenyewe aandike na mukono yake. Itaisha leo. Lakini weye, usiguse tena na wembe."

"Kesho, mama. Banatuangalia. Kesho nitarudia."

"Treni haina kesho," akasema Mama Tshibola.

Polycarpe alikuwa amefika nusu ya njia ya kurudi nyumbani honi ya treni ilipolia. Akasimama, aibu ikamshika miguu kwa muda mrefu kuliko ilivyopasa, halafu akarudi mbio. Akakuta masufuria yaliyopinduka, majivu, ndala moja ya mtoto. Treni ilikuwa imekwisha kuchukua kila mtu.

Akakaa sakafuni pa stesheni akafungua kitabu. Jina la Elise lilikuwa kama pumzi juu ya kioo. Mkono wake, mkono wa karani wa miaka kumi na tisa, ukaingia mfuko wa shati ukatoka na wembe. Kosa hukwanguliwa, alijiambia. Nikimtoa wangu nikamrudisha wao, bibi atatuacha. Akakwangua Elise hadi ngozi ikatulia, akaandika Mbuyi vizuri kabisa. Harufu ya nta ikakatika papo hapo. Akalia kwa furaha njia nzima.

Mlangoni kwake walisimama vijana watatu na orodha. Walikuwa wanapita kuokota waliojificha. Josée alikuwa pembeni, mikono kichwani, akimtazama mtoto kama mtu anayejaribu kukumbuka alipomwona.

"Tata, huyu mutoto ni wa nani?" kiongozi wao akauliza. "Mama anasema hamujui."

"Ni wangu! Ni mutoto wangu!"

"Jina yake?"

Polycarpe akafungua kinywa. Akalitafuta jina mdomoni, akalitafuta kifuani, na kila mahali alipogusa pamekwanguliwa.

"Mi ni Mbuyi," mtoto akasema, kwa sauti safi. "Tata yangu njo Tshibangu. Huyu ni parrain yangu."

Kijana akapitisha kidole kwenye orodha, taipu safi isiyo na kosa hata moja. "Mbuyi. Njo huyu."

Wakamshika mkono. Hakulia. Alipofika kwenye uzio aligeuka, akamtazama Polycarpe kwa upole, kama mkubwa anayemuaga mtumishi.

"Parrain," akasema, "utuchungie nyumba."