Akala Langoni

Hiribae alikutwa saa moja na robo asubuhi, Jumanne moja ya Septemba 1999, kifudifudi juu ya kaburi la babu yake, shingo imekatwa nusu. Panga lilikuwa kando. Bi Amina, anayefagia makaburi yale ya kale karibu na Hewani, kijiji cha wakulima, alipiga ukemi mpaka sauti ikakauka. Pale watu walikwenda kuzuru wazee wao na kupumua. Leo nzi walitangulia.

Inspekta Kadra alifika kutoka Garsen saa tatu. Panga lilishatambuliwa: la Ngumbao, mkulima aliyegombana na Hiribae juu ya ng'ombe kula mahindi. Vijana wa kwao Hiribae walikuwa wamempiga Ngumbao mpaka meno mawili yakatoka. Askari waliwahi kumkinga.

"Tupe yeye," alisema Jibril, mdogo wake Hiribae. "Kama hapana, tukimaliza kuzika, sisi nachoma Hewani yote."

Hakuwa akitania. Kadra alikuwa na muda mpaka alasiri tu.

"Panga lako limefikaje hapa?" alimuuliza Ngumbao.

"Nililisahau shambani jana, afande. Mimi na Hiribae tulishapatana. Alikubali njia ya ng'ombe ya kwenda mtoni ifungwe, wazungukie juu."

"Nani anajua?"

"Watu wa nyumbani kwake."

"Vua buti."

Mguu wa kulia ulikuwa na vidole viwili tu. Vingine vililiwa na mamba zamani.

Kadra alirudi kwenye lango la makaburi. Akala za marehemu zilikuwa pale pale, kwa kuwa hakuna anayekanyaga makaburi yale na viatu. Kando yake, vumbini, palikuwa na alama ya jozi nyingine, iliyowekwa vizuri kisha ikachukuliwa. Kisigino cha kushoto kilikuwa na kiraka cha mraba. Ndani, nyayo za wanaume wawili, peku, sambamba, vidole vyote kumi kumi. Wa pili alirudi mbio peke yake.

"Hiribae alikuja na mtu wake wa karibu," alimwambia askari. "Funika alama hizi kwa beseni. Daktari akimaliza, waacheni wazike."

Alasiri wanaume walivua akala langoni kama kawaida, wakaingia. Walipotoka, Kadra alikuwa ameondoa beseni, alama ya kiraka iko wazi.

"Kila mtu achukue zake."

Walichukua. Ikabaki jozi moja, na mtu mmoja peku. Kadra akaigeuza ya kushoto: kiraka cha mraba.

"Jibril, hizi hazina mwenyewe?"

Jibril alichomoa kisu. Alimchana askari bega, damu ikaruka ukutani, kabla rungu halijamvunja mkono. Alianguka akilia kwa hasira.

"Ile njia ya baba yetu! Ng'ombe yangu nakufa kiu, yeye napatana na mkulima! Mimi nachukua panga shambani, naficha kwa shuka. Naambia yeye, twende kwa babu, labda hapo yeye nabadilika. Yeye nakataa!"

"Ukavua viatu," alisema Bi Amina. "Umemstahi babu aliyekufa, ukamchinja mjukuu wake aliyekuwa hai. Mwenyezi Mungu na akulipe, mwanangu."

Vijana waliokuja na viberiti waliangalia chini. Hakuna aliyethubutu kumtazama Ngumbao.

Gari la polisi lilikuwa mbali, na njia yote ni miba. Jibril alisimama langoni.

"Akala zangu, afande."

"Zinakwenda mahakamani," alisema Kadra. "Tembea."