Kuna Mtu Ndani

Saa mbili asubuhi.

Chumba cha nyuma kilinuka kutu na grisi. Mbele kulikuwa na lundo la vyuma chakavu. Nyuma kulikuwa na meza moja, viti vinne na birika la chai. Mlango umekomewa. Dirisha limezibwa kwa bati.

Mjomba alimwaga misumari mezani. Akaipanga mmoja mmoja, bila haraka.

"Huu ni geti la mtambo wa umeme. Huu ni mashine ya pili. Imezimwa kwa matengenezo, mafundi wa nje wanaingia na kutoka. Huu hapa ni mdomo wa handaki. Ndani ya handaki mna nini, Pampu?"

"Shaba," alisema Pampu. "Mapande marefu, yamefungwa ukutani mwanzo hadi mwisho. Ndiyo njia ya umeme."

"Na umeme wenyewe?"

"Umekatwa. Saa nane mchana wanaurudisha, wajaribu mashine."

"Basi saa nane sisi hatupo." Mjomba aliinua macho. "Gia, lori?"

Gia alikuwa dereva. Mwanamke wa mabega mapana, maneno machache. "Lina kibali. Nabeba vyuma chakavu vyao tangu mwezi uliopita. Walinzi washanizoea, hata salamu wamechoka kunipa."

"Shaba chini, kutu juu. Mkasi?"

"Mimi naingia, nakata, natuma kwa kigari. Mnavuta kamba." Mkasi alikuwa mwembamba kama jina lake, mtu wa miaka thelathini anayecheka kabla hajamaliza sentensi. "Mjomba, mbona kila siku mimi ndiye wa shimoni? Mkono wako haupiti au moyo?"

"Tumbo, mpwa wangu. Tumbo ndilo halipiti."

Wakacheka. Maana huyu Mjomba alikuwa mjomba wa kweli. Mkasi alikuwa mtoto wa dada yake aliyefariki, kamlea tangu anatambaa. Wengine walidandia tu hilo jina, likamganda.

"Neno la mwisho," alisema Mjomba. "Pampu, nasikia huko kwenu kila anayeingia handakini anatundika kufuli kwenye swichi."

"Ndiyo sheria. Kufuli lako, jina lako na picha yako juu yake. Ufunguo unakaa mfukoni mwako wewe uliye ndani. Kufuli likiwepo, hakuna wa kuwasha."

"Leo hakuna kufuli. Hatuachi picha ya mtu pale. Unashusha swichi, basi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Pampu alikubali upesi, kwa kuwa alikuwa hajamaliza chai yake na hakutaka mtu yeyote pale mezani akasirike.

Tumjue kidogo huyu. Kwenye mtambo wa umeme wako wanaokaa juu, chumba cha vioo, wakitazama taa. Na yuko mmoja, mzungukaji, anayetembea chini. Anapita pampu hadi pampu, anasoma vipimo, anaweka kiganja juu ya kila mashine kama mama anavyompapasa mtoto mwenye homa. Ikiwa ya moto anawaarifu wa juu kwa simu ya upepo. Ikiwa ya baridi anakwenda kwa nyingine. Zamu nzima haoni mtu. Mlio ule ukikuingia masikioni miaka ishirini, hata ukiwa nyumbani unasemesha watu kwa kelele, mpaka wanaacha kuja.

Na nyumbani kwake hakukuwa na wa kuja. Mke alikwisha tangulia mbele ya haki. Binti kaolewa mbali, anapiga simu akikumbuka. Wanaosema upweke hauui hawajalala katika nyumba yenye vikombe viwili na mnywaji mmoja.

Siku moja, akitoka zamu, alipita mbele ya lundo la vyuma. Sauti ikamwita: "Mzee wangu, njoo unywe chai, inapoa." Aliingia. Kesho yake akaingia tena. Wakampa jina, wakampa kiti. Jioni walitegana vitendawili, na Mkasi ndiye aliyekuwa bingwa.

"Kitendawili," Pampu aliwahi kumtegea.

"Tega."

"Nazungumza naye kutwa, uso wake siujui."

Mkasi alifikiri mpaka chai ikapoa. "Kimenishinda. Nakupa mji."

"Simu ya upepo," alisema Pampu. Wote wakacheka isipokuwa yeye, kwa kuwa ilikuwa kweli. Kule juu kulikuwa na mwanamke aliyemwagiza kazi miaka sita. Alimwita Sauti. Hajapata kumwona.

Walipomwambia habari ya shaba, na fungu lake litakavyokuwa, hakuuliza kiasi. Angekwenda bure.

Saa nne asubuhi.

Lori liliingia getini. Mlinzi hakuinuka. Watatu wamevaa ovaroli za mafundi wa nje na kofia ngumu. Pampu alikuwa kwenye zamu yake tangu saa tatu, akawangoja chini ya mashine ya pili, pembeni ya kisanduku cha swichi. Hapakuwa na mtu. Mafundi wa kweli walikuwa juu, upande wa pili, wakifunga bomba.

Mjomba na Gia walikwenda kulisogeza lori mlangoni. Pampu akashusha swichi. Mkasi alipiga magoti mbele ya mdomo wa handaki, msumeno wa chuma begani, kamba kiunoni.

Hapo mkono wa Pampu ukafanya lake. Ulikwenda mfukoni, ukatoka na kufuli jekundu, ukalitia kwenye kisanduku. Chaka. Hakuuagiza. Miaka ishirini mtu akipiga magoti pale, mkono ule unatundika kufuli, na mkono hauulizi aliyepiga magoti ni fundi au mwizi.

Mkasi akaitazama picha. "Hii ulipiga ukiumwa jino?"

"Chukua ufunguo. Weka mfukoni. Ukitoka utalifungua wewe mwenyewe."

"Mjomba kasema hakuna kufuli."

"Mjomba haingii ndani."

Mkasi akatabasamu, akautia ufunguo mfukoni, akaingia kichwa kwanza. Nyayo zake zikapotea gizani.

Saa saba mchana.

Kazi ilikwenda kama maji. Kamba inatikisika, wanavuta, kigari kinatoka na mapande mekundu yanayong'aa. Gia anabeba, anapanga, anafunika kwa mabati ya kutu. Kigari kinarudi. Handaki lilikuwa refu, tena limejikunja. Ukiita mdomoni, sauti inafia konani. Mkasi aliziba masikio kwa pamba dhidi ya mlio wa msumeno. Kamba tu ndiyo iliyokuwa ulimi wao.

Pampu alikwenda mizunguko yake na kurudi. Kila akirudi alikuta watu wanaomjua wakifanya kazi mahali ambapo miaka yote alikuta mashine tu. Gia alimpa maji kwenye kifuniko cha chupa. "Kunywa, mzee. Umekauka." Alikunywa polepole.

Saa nane kasorobo.

Kigari kilitoka kimejaa. Mjomba alikipakua. Halafu akatoa kisu, akakata kamba.

Pampu alidhani hakuona vizuri. "Sasa tutamwitaje?"

"Hatumwiti."

Gia alisimama na pande la shaba mikononi.

Mjomba aliongea chini, kama anayesomea mtoto. "Wakijaribu mashine wataona shaba haipo. Watafunga mji mzima. Lakini wakimkuta mwizi ndani, na shaba yake pembeni, kesi imekwisha. Mwizi alikuwa mmoja, umeme ukamla. Nani atatafuta lori?"

"Ni mpwa wako," alisema Gia.

"Mpwa wangu anataka kuoa. Anataka kuacha. Anayeacha husema. Mwaka jana walimkamata, akalala ndani, asubuhi wakamtoa hata kofi hakupigwa. Mnajua alisema nini? Mimi sijui. Panda kwenye lori, Gia."

Gia hakusogea. Mjomba akamtazama. Alimtazama tu. Gia akaliweka lile pande chini taratibu, akaenda, akapanda. Mlango wa lori ukafungwa bila kishindo.

"Pampu. Wakikuambia pandisha swichi, pandisha. Si ndiyo kazi yako?"

Mjomba aligeukia kisanduku, ambacho kutwa alikipa mgongo akivuta kamba. Ndipo alipoliona kufuli, na uso wa Pampu ukimtazama kutoka kwenye picha.

"Nini hiki?"

"Nilisahau."

"Lete ufunguo."

"Anao yeye. Aliye ndani ndiye anayekaa nao."

Mjomba aliokota nondo, akalipiga kufuli. Mara mbili. Chuma kile kilitengenezwa kwa ajili ya watu wenye haraka kama yeye, hakikuvunjika. Akaitupa nondo. Akasogea karibu, na sauti yake ikawa ya upole, ile ile ya siku ya kwanza.

"Sikiliza, mzee wangu. Watakuuliza. Sema umepoteza ufunguo. Watakuja na mkasi wao mkubwa wakate, si ndivyo?"

"Mwenye kufuli akisema umepotea, wanakata."

"Basi. Sentensi moja. Kesho unakuja, kiti chako kipo, chai ipo. Mimi, Gia na wewe. Usiposema hivyo, rudi kwa mapampu yako ukazeeke nayo. Sisi ndio watu wako. Una wengine?"

Hakuwa nao. Alitafuta moyoni hata jina moja la kumjibu nalo, hakulipata.

Saa nane mchana.

Simu ya upepo ilikoroma kifuani mwa Pampu. Ilikuwa Sauti, kutoka juu.

"Mzungukaji, nakuita. Mafundi wote wametoka, tumewahesabu. Pandisha swichi ya handaki."

Pampu alibonyeza kitufe. Akaachia. Angeweza kutambaa humo ndani amfuate, ila mle simu haisikiki. Wakimkosa hewani wangemtuma mtu aje kuona, naye angekuta kufuli bila mwenyewe, akalikata. Kutoka pale alisikia msumeno kwa mbali, kama mdudu ndani ya ukuta. Mkasi alikuwa bado anakata. Alikuwa anangoja kigari.

"Mzungukaji, unanipata?"

Mjomba alimwekea mkono begani. Mkono mzito, wenye joto. Tangu mazishi ya mkewe hakuna aliyemwekea mkono hapo.

Pampu akabonyeza.

"Usiwashe. Kuna mtu ndani."

Mkono ukatoka begani.

"Mtu gani?" aliuliza Sauti. "Nimekwambia tumehesabu."

"Hayumo katika hesabu yenu. Ni mtu wangu. Nimetundika kufuli, ufunguo anao yeye. Usiwashe."

"Nimekupata. Siwashi. Nafunga mageti yote mpaka tujue watu ni wangapi. Namtuma mkuu wa zamu na walinzi. Usiondoke hapo."

Mjomba hakupiga kelele. "Umejizika ungali hai," alisema, akatembea kuelekea lori. Kutembea tu, hakukimbia. Injini ikawaka. Pampu aliusikia mngurumo ukikwenda mpaka getini, halafu ukasimama. Geti lilikuwa limefungwa. Ndiyo desturi ya pale: mtu mmoja akizidi, hakuna gari linalotoka. Mlinzi aliyechoka salamu safari hii aliinuka, akafunua bati la kwanza la kutu, halafu la pili.

Pampu akaketi sakafuni, mgongo kwenye kisanduku. Angeweza kukimbia. Lakini waliokuwa wanakuja hawakumjua aliye ndani, na kufuli linaweza kukatwa na mtu yeyote asiyejua. Akaketi.

Msumeno ukanyamaza. Baada ya muda, kofia ikachungulia mdomoni, uso mweusi kwa masizi, pamba bado masikioni. Mkasi aliangalia kamba iliyolala sakafuni. Akaangalia walinzi watano.

"Mzee," alisema, akichomoa pamba. "Kuna nini?"

Saa kumi jioni.

Gari la polisi lilikuwa na mabenchi mawili yanayotazamana. Mjomba na Gia walikaa upande mmoja. Pampu alisukumwa upande wa pili. Mkasi aliingizwa mwisho, akabaki amesimama katikati, kichwa kimeinama kwa sababu ya paa, pingu mikononi.

"Wanasema wewe ndiye uliyeita," alimwambia Pampu.

"Ndiyo."

"Kwa nini? Si ungetikisa kamba tu? Ningetoka, tungeondoka, saa hizi tunakunywa chai."

"Kamba ilikatwa."

"Na nani?"

Pampu alimtazama Mjomba. Mjomba alitazama sakafu, mpole, kama mzee msikitini au kanisani.

"Na yeye," alisema Pampu. "Saa nane walitaka umeme urudi. Alitaka nipandishe swichi, na wewe uko ndani. Muulize Gia."

Mkasi aligeuka. "Dada Gia?"

Gia alifungua mdomo. Mjomba hakumtazama, hakuhitaji. Gia akaufunga. Akainamia viatu vyake, akavisoma kama vimeandikwa kitu.

"Huyu amenilea," Mkasi alisema, na kicheko chake cha siku zote kilimtoka katikati ya maneno, kikavunjika. "Mama alipokufa, huyu alinibeba mgongoni. Wewe umekunywa chai yetu miezi mitatu. Mitatu, mzee. Halafu unaniambia mimi habari za mjomba wangu."

"Kweli haina miezi, Mkasi."

"Nyamaza. Tafadhali."

Mjomba akajisogeza kidogo, akafanya nafasi. "Njoo ukae, mwanangu," alisema. "Usije ukaanguka."

Mkasi akaenda, akakaa kati yao. Akamwegemea mjomba wake begani, akafumba macho, kama mtoto aliyetolewa kisimani. Pampu aliuona mkono wenye pingu ukipanda taratibu, ukapangusa masizi kwenye shavu la mpwa.

Mtu yule alikuwa anapumua. Kifua kilipanda, kikashuka, na Pampu alikihesabu kwa macho kama alivyokuwa akisoma vipimo, bila wa kumpa taarifa.

Gari likaondoka. Lilipokata kona, wale watatu walishikamana bega kwa bega, wakatulia. Pampu alikuwa na benchi zima. Aliteleza mpaka mwisho wake, akajirudisha katikati. Kona iliyofuata akateleza tena.